Siku Godelieve Alipofungua Hema

Lambert Roovers alikuwa mtu wa bei nafuu. Si bahili. Ukimwita bahili angekupeleka kwenye friji yake akuonyeshe bia za wageni zilivyopangwa. Lakini kununua kitu kwa bei iliyobandikwa, bila kwanza kuhangaika kutafuta mahali kinapouzwa chini ya hapo, kwake ilikuwa kama kutoka nje bila suruali. Miaka yote aliyokuwa fundi wa vigae alijisifia zaidi gundi aliyoipata kwa punguzo kuliko vigae alivyovipanga. Alipostaafu, kitongoji cha Rietmoer kikaona kipaji hicho kisilale bure, kikampa kazi ya kununua vifaa vya gari lao la maua: nondo, maboksi, misumari, gundi, na kahawa ya wajenzi.

Gari hilo lilijengwa kila kiangazi ndani ya hema refu nyuma ya zizi la Tinus, na mtu wa kitongoji kingine hakutia pua humo mpaka Jumapili ya kwanza ya Septemba, magari ya vitongoji vyote yanapotolewa na kusukumwa kupita mbele ya kanisa la kijiji cha Ouddonk kushindania kombe, yamevikwa maua ya dalia kutoka unyayo hadi utosi. Kabla ya hapo ni siri. Tarishi aliacha barua getini. Fundi bomba akiitwa, aliulizwa kwanza anakaa kitongoji gani. Coba, mke wa Lambert, alizaliwa Looiakker, kitongoji cha ng'ambo ya mfereji, na dada yake wa tumbo moja alikuwa bado anaishi huko. Kila Agosti dada hao wawili walizungumza habari za mvua na magoti yao tu, maana wakienda mbali zaidi ya hapo lingeweza kuponyoka neno. Looiakker walikuwa wameshinda mara nyingi kuliko ilivyo adabu kushinda.

Mwaka huo Rietmoer walijua wana kitu. Godelieve Akkermans, ambaye mchana alisafisha meno ya watu kwa daktari wa meno pale Ouddonk, alikuwa amechora mwanamke mfuaji, mrefu kuliko nyumba ya ghorofa, amepiga goti ukingoni mwa mfereji, anakamua shuka. Na shuka lenyewe lingekamuliwa kweli. Watu waliojificha ndani ya mikono yake wangeizungusha, na shuka jeupe la dalia lingejisokota mbele ya macho ya umati. Ouddonk ilikuwa haijawahi kuona kitu kama hicho. Tinus, mchomeleaji wa vyuma, ambaye hajawahi kumsifu mtu hata msibani, aliuangalia mchoro, kisha akaenda kutafuta miwani yake auangalie tena.

Zamani Godelieve alichora kwenye karatasi, kama baba yake. Lakini mkono unaojisokota si mchezo, kwa hiyo safari hii alitumia programu ya kompyuta iliyoweza kuukata mwili wa mfuaji vipande vyembamba kama mkate. Kila kipande kilichapwa kwenye karatasi kwa ukubwa wake halisi, na Tinus akakunja nondo juu yake. Miguu ikasimama, kiuno kikafuata, mikono ikaning'inizwa. Ulibaki mgongo, shingo na kichwa. Hapo leseni ya programu ikaisha, na bei ya kuifufua ilikuwa imepanda vibaya.

"Niachie mimi," Lambert akasema.

"Mjomba, hii si gundi," Godelieve akamwambia. Alimwita mjomba kwa kuwa Lambert na marehemu baba yake walijenga magari pamoja tangu ujana wao.

"Kila kitu ni gundi, mwanangu. Kuna bei ya wajinga na kuna bei yangu."

Akaipata. Lilikuwa duka la mtandaoni safi, limeandikwa Kiholanzi kilichonyooka, lina picha ya kufuli juu ya ukurasa, na chini kabisa lina ile alama ya maduka ya kuaminika ambayo kila mtu anaijua. Programu ileile, leseni ya maisha, kwa bei ya chakula cha jioni cha watu wawili. Na saa ilikuwa ikihesabu kinyumenyume: punguzo linakwisha leo. Lambert alihisi ule mwasho wa vidole anaousikia mvuvi kamba ikivutwa. Akaikagua ile alama ya kuaminika, akaiona ni yenyewe. Hakuibonyeza. Angeibonyeza angegundua ni picha tu, haifunguki, haiendi popote, kama mlango uliochorwa ukutani.

Kitu kimoja kilimsumbua. Maelezo ya kupakua yalisema: kwa kuwa bei yetu ni ya chini sana, kinga ya kompyuta yako inaweza kuishuku programu hii, izime kwanza, kisha endelea. Lambert aliyasoma hayo mara mbili. Alimjua mtu ambaye angemjibu kwa neno moja. Driek, aliyetengeneza kompyuta za nusu ya wilaya, alikaa mwendo mfupi tu wa baiskeli. Lakini Driek ndiye aliyekuwa mkuu wa hema la Looiakker. Ukimuuliza Driek habari za programu ile, atajua Rietmoer wanajenga kitu kinachojisokota. Ni bora umpe mchoro kabisa na kikombe cha kahawa juu yake.

Akaizima kinga. Akaendelea.

Programu ikafanya kazi. Ndiyo, ilifanya kazi, na kwa siku kadhaa Lambert alitembea hemani kifua mbele, akimgusa kila mtu bega: "Unajua nimeipata kwa kiasi gani? Bahatisha. Bahatisha tu!"

Asubuhi ya Jumatatu aliwahi hemani kuwasha kahawa, akawasha na kompyuta. Michoro haikuwepo. Mahali pake palikuwa na maneno meupe juu ya weusi, yenye adabu kama barua ya benki. Mafaili yenu yote yamefungwa. Funguo tunazo sisi. Mkilipa, mtafunguliwa. Msijaribu kumwita fundi.

Lambert akakaa juu ya ndoo ya gundi. Kahawa ikachemka, ikamwagika, ikazima moto, yeye amekaa tu. Alijua maana yake. Michoro ilikuwa kwenye kompyuta ile moja. Kitongoji kizima kilikubaliana kusiwe na nakala popote, si kwa Godelieve, si kwa mtu yeyote, ili siri isitembee. Na yeye ndiye aliyewafungulia wezi mlango, tena kwa mkono wake mwenyewe, akimzima mlinzi ili asibweke. Wazo la kwanza lililomjia ni kulipa kutoka mfukoni mwake, kimyakimya, asijue mtu. Akachukua simu. Akaiweka. Akaichukua tena, akampigia Godelieve.

Alifika na nguo zake za kazini, zile nyeupe za kwa daktari wa meno. Akasoma skrini amesimama, bila kugusa kitu. Tinus alikuwa ameshaingia, amekunja mikono.

"Umeshawalipa, mjomba?"

"Bado."

"Umewajibu chochote?"

"Hapana."

"Vizuri sana," akasema, kama mtu anayemwambia mgonjwa kwamba amepiga mswaki sawasawa. Akainama, akachomoa waya wa intaneti nyuma ya kompyuta, akauviringisha, akautia mfukoni. "Sasa nipe jina la duka hilo. Na benki, umewaambia?"

"Mwanangu, nimeliua gari letu," Lambert akasema.

"Bei poa!" Tinus akapiga kofi paja lake. "Mzee Punguzo! Kaingia mkenge! Na lile duka lina alama, sivyo? Ulituambia lina alama! Hata paka wangu angekuwa na alama kama ningemchorea!"

"Tinus," Godelieve akasema.

"Nasema tu."

"Umemaliza kusema?"

Tinus akaangalia ncha za viatu vyake. "Bado kidogo."

"Ukimaliza, kaniletee ule waya wa kukatia jibini kutoka jikoni kwako. Ule mrefu, wa mama yako."

Godelieve mwenyewe akawaacha hapo, akapanda baiskeli. Aliporudi alikuwa amebeba kitu ndani ya taulo, mbele kwenye kikapu. Ilikuwa sanamu ya mfuaji ya udongo usiochomwa, kubwa kama paka aliyeshiba, ile aliyoifinyanga majira ya baridi kabla hajachora mstari hata mmoja. Ilikuwa imekaa juu ya friji yake tangu wakati huo, na wote waliwahi kuiona, na wote waliipenda: mgongo uliopinda kwa kazi, shingo imegeuka kidogo kama mtu aliyeitwa jina. Aliiweka juu ya meza ya kukatia maboksi, akailowesha, akaizungushia kitambaa kibichi mpaka udongo ukalainika. Halafu akaushika waya wa jibini kwa mikono miwili.

"Usithubutu," Tinus akasema, na sauti yake haikuwa ya utani tena.

"Kompyuta ilikuwa inafanya nini? Inamkata vipande. Basi."

Akavuta waya. Mgongo wa mfuaji ukafunguka. Lambert alifumba macho, hakutaka kuona. Alipoyafumbua, kipande cha kwanza kilikuwa kimelazwa juu ya karatasi yenye miraba, na Godelieve anakipitishia penseli pembeni, mkono umetulia kama alivyozoea kuutuliza kwenye vinywa vya watu. Akavuta tena. Na tena. Kila kipande kilipokwisha kuchorwa, wengine walikikuza kwenye karatasi kubwa, mraba kwa mraba, na Tinus akachukua nondo. Godelieve hakulia, wala hakusema alivyoikeshea sanamu ile. Ilipofika shingo alisimama kidogo, akaiangalia, akaikata.

Wakati wengine wakikuza michoro, alimwita Lambert pembeni, wakafanya yale mengine pamoja. Benki ikaifunga kadi. Polisi wakapokea taarifa yao, wakawapa namba. Jina la duka wakaliandika kwenye ule ukurasa wa polisi ambapo mtu anaweza kumwangalia muuzaji kabla ya kununua. Lambert hakujua hata kwamba ukurasa huo upo.

"Ningeangalia hapa kwanza," akasema.

"Mwingine ataangalia. Andika vizuri, usifiche kitu. Andika na ile ya kuzima kinga."

"Wataniona mjinga."

"Mjomba, watakaosoma ni watu waliokwisha kushika kadi mkononi. Wewe ndiye unayewashika mkono. Andika."

Akaandika. Mwisho wa juma shingo ikasimama. Si ile iliyokuwa kwenye kompyuta, ilikuwa imeinama zaidi kidogo, na Tinus alisema ni afadhali hivi, halafu akajifanya hajasema.

Ndipo ujumbe wa pili ukaja, kwa barua pepe, moja kwa moja kwa Lambert, kwa anwani aliyoijaza mwenyewe dukani. Safari hii wezi hawakuuza funguo. Walikuwa wameambatisha picha tano za michoro ya mfuaji, mbele, nyuma, na mikono ikizunguka. Waliandika kwamba wameichukua yote kabla ya kuifunga. Wasipolipwa kufikia adhuhuri ya Alhamisi, wataimwaga kwenye ukurasa wa kijiji na kuwapelekea Looiakker nakala yao.

"Wameijuaje Looiakker?" mtu mmoja akauliza hemani, barua iliposomwa. "Hao watu wako wapi, mwisho wa dunia? Wanaijuaje Looiakker?"

Lambert akakohoa. "Ile folda ya michoro," akasema. "Ilikuwa na jina."

"Jina gani?"

"SIRI KABISA, LOOIAKKER WASIONE."

Hakuna aliyecheka. Tinus akatoka nje, na kutoka huko nyuma ya zizi wakamsikia akicheka peke yake kama anayekabwa. Alirudi na macho mekundu.

"Tulipe," akasema. "Naumia kusema, lakini tulipe. Jumapili ndiyo kila kitu. Mtu akimwona mfuaji kabla, Jumapili atakuwa anakagua tu. Atasimama barabarani na kikombe chake, aseme, aa, ndiyo huyu. Mwaka mzima kwa ajili ya 'ndiyo huyu'?"

Wengi wakaitikia. Hilo ndilo lililomkosesha Lambert usingizi, na si yeye tu. Si kombe, si nafasi ya kwanza. Ni ule ukimya wa barabara nzima, watu wasijue wanachokitazama, halafu wajue. Mtu wa Ouddonk anaishi mwaka mzima kwa pumzi hiyo moja.

"Nitalipa mimi," Lambert akasema. "Kosa ni langu. Msichange hata senti."

Godelieve alikuwa amekaa juu ya ngazi ya mbao, anakula mkate wenye soseji ndani, kwa kuwa alikuwa ametoka kazini bila chakula cha mchana. Alimeza kwanza.

"Ukilipa leo, watakuwa na nini? Watakuwa na michoro bado, na jina la mtu anayelipa. Ijumaa watakuandikia tena. Na Jumamosi."

"Kwa hiyo tufanyeje, bibie?" Tinus akauliza. "Tukae tusubiri watuvue nguo?"

"Hapana. Tutazivua wenyewe." Akapangusa vidole. "Wanatuuzia siri yetu. Wana bidhaa kwa sababu sisi tumeifunika. Jumatano jioni tutafungua hema. Pande zote mbili. Tutawaalika Looiakker."

Ilikuwa kama amesema tulichome moto. Watu walisema yote kwa pamoja. Mzee mmoja aliyeanza kujenga magari kabla baba yake Godelieve hajazaliwa alivaa kofia yake aende nyumbani, akaivua, akaivaa tena. Tinus alisema haiwezekani, haijawahi kutokea, marehemu baba yako angefufuka. Godelieve aliwasubiri. Alijua kusubiri, kazi yake ni kukaa na watu wasiotaka kufungua midomo.

"Baba angefufuka," akasema walipochoka, "na angeuliza kwa nini mtu wa mbali anajua kazi yangu na jirani yangu haijui. Nitawaambia sababu ya pili, halafu mniambie hapana kama mnataka. Duka lile bado liko wazi. Looiakker wanatumia kompyuta kama sisi. Wanapenda bei poa kama sisi. Nani amewaambia?"

Mzee yule akaivua tena kofia yake.

"Hakuna," Lambert akasema.

"Hakuna. Kwa sababu kuwaambia ni kuwaambia tulichokuwa tunafanya."

Jumatano jioni jua lilikuwa bado juu ya mahindi Looiakker walipofika kwa baiskeli, kundi zima, wakazisimamisha getini wakasita. Walidhani ni mzaha wa aina fulani. Driek alikuwa mbele, mtu mrefu mwenye mabega ya kuinama, mikono ameiweka mgongoni kama aliyeingia nyumba ya makumbusho.

"Godelieve, mama, kuna nini? Mmevunjika miguu? Mnataka tuwasaidie kusukuma?"

"Karibuni ndani, Driek. Kahawa ipo."

"Nikiingia humo mke wangu ataniacha."

"Mke wako ameshaingia," Tinus akasema. Na kweli, alikuwa ameshaingia.

Turubai zilikuwa zimekunjwa hadi juu. Mfuaji alipiga goti pale katikati, bado hana ua hata moja, ni nondo na maboksi na karatasi iliyolowekwa gundi, rangi ya kahawia kutoka kichwani hadi magotini. Godelieve akaashiria. Watu wanne wakaingia ndani ya mikono, ikasikika ikilalamika, na lile shuka la maboksi likaanza kujisokota, polepole, mpaka likakaza.

Driek akavua kofia. Akamzunguka mfuaji mzima, akimtazama.

"Nyinyi watu wabaya," Driek akasema mwishowe. "Nyinyi watu wabaya sana. Kwa nini mnanionyesha hiki?"

Godelieve akafungua kinywa kumjibu. Lambert akamgusa kiwiko. "Hii ni yangu," akasema.

Akapanda kwenye ubao wa kukanyagia ili aonekane. Alikuwa amepanga maneno mazuri nyumbani na Coba alimsaidia, lakini hayakuja, kwa hiyo akasimulia kama ilivyokuwa: bei ilivyomwasha vidole, saa inayohesabu kinyumenyume, alama ya kuaminika ambayo hakuibonyeza, kinga aliyoambiwa aizime naye akaizima. "Nilitaka kukuuliza wewe, Driek. Nilikuwa na baiskeli mkononi. Nikaona haya, tena si haya, nikaona siri. Basi ndiyo hivyo. Nimewapa wezi michoro ili nisikupe wewe. Kesho adhuhuri wataimwaga. Nyinyi mmeshaiona, imekwisha. Lakini duka lenyewe hili hapa, jina lake hili, mtu asiliguse."

Alitaja jina. Alitegemea kicheko cha Looiakker, na alikuwa amejiandaa nacho. Badala yake mwanamke mmoja nyuma ya kundi, mwenye koti la mvua la kijani, akasema taratibu, "Driek."

Driek akageuka.

"Ile programu ya kukatia maboksi. Ulisema nitafute ya bei poa."

"Willemien, usiniambie."

"Ilikuwa na alama, Driek!"

"Na kinga?"

"Niliizima. Walisema niizime." Mkono wake ulikuwa mdomoni. "Jana tu. Jana asubuhi. Na leo ilikuwa inafanya kazi vizuri kabisa."

"Na sisi ilifanya kazi vizuri kabisa," Lambert akasema. "Nenda. Chomoa waya wa intaneti, halafu izime kabisa. Usibishane na mtu, chomoa!"

Driek alikwisha kuondoka. Looiakker wote waliondoka, baiskeli zikigongana getini, kofia ya Driek imebaki chini karibu na ndoo ya gundi, na kahawa yao inapoa kwenye vikombe, kila kikombe na biskuti yake moja pembeni.

Driek hakurudi mpaka walipokuwa wanafunga zizi. Alikuja peke yake, anatoka jasho, akaegemea geti. Walikuwa wamewahi. Mwizi alikuwa ndani lakini hajafunga kitu. Alikuwa anachukua michoro polepole, na nusu yake tu ilikuwa imetoka, miguu na matairi. Driek aliuokota mkono wa Godelieve kama anayeokota kitu cha mtu mwingine, akautingisha kwa muda mrefu.

"Njoni kwetu," akasema. "Kesho. Njoni wote muone letu. Ni haki."

Tinus alikuwa ameshaanza kutafuta ufunguo wa baiskeli yake.

"Asante, Driek," Godelieve akasema. "Hapana. Lenu lifunikeni. Sisi tunataka kushangaa Jumapili kama watu wengine."

Driek akamtazama. Akamtazama Lambert, kama anayeuliza huyu mmemtoa wapi. Lambert akanyanyua mabega tu. Yeye alimjua Godelieve tangu anatambaa hemani na gundi kwenye nywele.

Alhamisi, adhuhuri ilipopita, wezi walitimiza ahadi yao. Michoro yote ikatokea kwenye ukurasa wa kijiji. Wa kwanza kujibu alikuwa mke wa Driek. Aliandika: "Mmechelewa, tumeshaiona jana na kahawa juu." Wa pili akaandika kwamba shingo ya sasa ni nzuri zaidi kuliko hiyo. Chini yake watu wakaanza kutaja maduka mengine ya aina hiyo waliyowahi kuibiwa nayo na wakanyamaza, na wengine walikuwa watu wazito, mwenye duka la vitabu, msaidizi wa meya, hata yule daktari wa meno. Lambert alikaa jikoni akimsomea Coba jina moja baada ya jingine, mpaka Coba akasema, "Inatosha, mume wangu, sasa unafurahi mno." Wezi hawakuandika tena.

Lakini Jumapili ilikuwa bado mbele, na Lambert aliiogopa. Alikuwa mmoja wa wasukumaji, na msukumaji hatazami chochote: anaingia chini ya gari, ndani ya giza lenye harufu ya nondo na maua mabichi, anashika chuma na kusukuma kwa filimbi. Tangu Ijumaa kitongoji kizima kilikuwa kikichuma dalia na kuzipigilia misumari, ua kwa ua, na Jumamosi aliona shuka likiwa jeupe mara ya kwanza, akashusha nyundo yake ili alitazame. Lakini yeye ni wa Rietmoer. Barabarani kulikuwa na watu ambao nusu yao waliona maboksi, na nusu nyingine waliona michoro kwenye simu. Aa, ndiyo huyu. Hayo ndiyo maneno aliyokuwa akiyasubiri katika giza lile, na bega la Tinus likigonga bega lake.

Filimbi ikalia. Gari likakata kona ya kanisani, na kutoka nje, kupitia ukuta wa maua, Lambert akasikia sauti za watu. Haukuwa ule ukimya. Ilikuwa minong'ono, ikitangulia mbele ya gari kando zote mbili za barabara, ikienda nao.

"Wanasema nini?" Tinus akauliza kwa hofu. "Wewe uko pembeni. Wanasema nini?"

Lambert akasogeza sikio kwenye mwanya. Mwanamke mmoja alikuwa akiongea, lafudhi ya Looiakker kabisa, na bila shaka alikuwa ameshika mkono wa mgeni wake. "Ngoja," alisema. "Usiangalie uso. Angalia mikono. Ngoja, ngoja kidogo, sasa hivi." Na mbele kidogo mwingine, mwanamume, kwa watoto wake: "Mikono! Tazameni mikono!" Looiakker walikuwa wameleta watu wa kutoka mbali. Walikuwa wamewapanga mbele, na wao wenyewe wakasimama nyuma yao, wanasubiri.

Filimbi ya pili. Hiyo ilikuwa ya Godelieve, kwa watu wa mikononi. Juu ya kichwa cha Lambert vyuma vikalia, kisha shuka likaanza kuzunguka, akalisikia tu, ule mchakacho wa maelfu ya maua yanayosuguana.

Minong'ono ikakatika. Barabara nzima, kutoka kanisani hadi darajani, haikutoa hata kikohozi. Halafu pumzi ikatoka, kubwa, ndefu, ya waliojua na ya wasiojua pamoja, na waliojua ndio waliopiga kelele zaidi.

"Lambert!" Tinus akasema. "Wanasemaje?"

"Sukuma," Lambert akamwambia. "Sukuma, wapo wengine mbele hawajaona."